Setilaiti ya Taifa Ni Mali ya Nani?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tuliwakuta wazee watatu wamekaa chini ya mti wa avoka karibu na ukuta wa kanisa, wakibishana. Mjukuu wa mmoja wao alikuwa amesoma katika simu yake habari za nchi fulani ya Afrika na setilaiti yake ya kwanza ya mawasiliano, naye babu alizipokea habari hizo kwa furaha kama kwamba ni yeye aliyeirusha. "Hata sisi Wakongomani," alisema, "siku tutakapokuwa na yetu, hakuna atakayetudharau tena." Mwenzake akacheka. "Mzee mwenzangu," akasema, "njia ya Shabunda imekufa, mgonjwa hubebwa kwa machela siku kadhaa, nawe wataka chombo cha kupita juu ya mawingu?" Mzee wa tatu, ambaye zamani alikuwa mwalimu, alikuwa amenyamaza. Halafu akauliza neno moja tu: "Hiyo yetu itakuwa yetu namna gani?"

Wenzake walimtazama, hawakujibu. Mvua ikaanza kunyesha, tukaagana. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, nasi twaona yafaa tulitazame pamoja nanyi, ndugu wasomaji, maana si swali la mafundi peke yao. Kila mtu hujua kusema "hiki ni changu". Kueleza maana ya neno hilo ni kazi nyingine.

Kwanza tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Setilaiti ya mawasiliano si kitu cha uchawi. Ni kama mtu aliyesimama juu ya kilima. Mtu wa bonde la huku hamwoni mtu wa bonde la kule, wala sauti yake haimfikii. Lakini wote wawili wamwona yule aliye kilimani, naye hupokea neno la huyu na kulifikisha kwa yule. Kwetu Kivu, nchi ya milima, mfano huu hauhitaji maelezo. Setilaiti ni kilima kilichowekwa angani kwa mikono ya watu. Ya kwanza kabisa ilirushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957, nayo ilijua kulia tu, kama kifaranga. Tarehe 10 Julai 1962 Wamarekani walirusha Telstar, na hiyo ikapeleka picha za televisheni ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Zile kubwa za mawasiliano nyingi zimewekwa mbali sana, kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Kwa umbali huo chombo hutumia siku moja kuizunguka dunia, na dunia nayo hujigeuza kwa siku moja. Basi kwa macho yetu ni kama kimesimama palepale usiku na mchana, na antena ya nyumbani haina haja ya kukifuata.

Ikweta yapita katika nchi yetu, na jambo hilo lilizaa kisa ambacho wengi wamekisahau. Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá katika Kolombia, wajumbe wa nchi nane za ikweta, kati yao Zaire, Uganda, Kenya na Kongo-Brazzaville, walitia sahihi tamko la kusema kwamba ile njia ya setilaiti iliyo juu kabisa ya nchi zao ni mali yao, na atakaye kuweka chombo chake pale hana budi kuomba ruhusa. Mataifa makubwa yalikataa. Yalitaja mapatano ya mwaka 1967 yasemayo kwamba hakuna dola iwezayo kujitwalia anga za juu. Sisi hatuwacheki wajumbe wale. Waliona kwamba nafasi za pale juu zina kikomo, na kwamba matajiri walikuwa wameanza kuzijaza huku maskini wangali wanajifunza majina yake. Walakini ilikuwa ajabu: walidai kiwanja, na nyumba hawana, wala ngazi ya kufikia kiwanja hawana. Miaka ileile ya 1970 Zaire ilijenga kituo cha N'Sele na vituo vingine katika miji mikuu ya majimbo, ili simu na televisheni zipite angani. Lakini chombo chenyewe kilikuwa cha Intelsat, nasi tulikuwa wapangaji. Hata roketi tulizoea kuziona kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilijaribu roketi zake katika Shaba, juu ya bonde la Luvua, katika eneo kubwa mno lililokodishwa na serikali. Mwaka 1979 mambo yakakatizwa. Ardhi ilikuwa yetu, moto ulikuwa wao.

Baadaye nchi za Afrika zilianza kutafuta vyombo vyao zenyewe, na haki walikuwa nayo. Kwa miaka mingi simu ya kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nchi jirani ilipitia Ulaya, ikalipiwa huko, ndipo irudi. Mtu wa kijiji kimoja akimsalimu mtu wa kijiji cha pili kwa njia ya mji mkuu wa watu wengine! Basi tarehe 13 Mei 2007 Nijeria ilirushiwa na Wachina setilaiti yake ya mawasiliano, NigComSat-1. Novemba 2008 ikaishiwa na nguvu za umeme, ikafa. Nyingine ya kuishika nafasi yake ikaruka Desemba 2011. Desemba 2007 ilirushwa ile ya shirika la nchi nyingi za Afrika, RASCOM, ikavuja gesi yake tangu mwanzo, maisha yake yakafupishwa, ikabadilishwa mwaka 2010. Angola ilirusha AngoSat-1 tarehe 26 Desemba 2017, ikapotea. AngoSat-2 ilifuata Oktoba 2022. Hatuhesabu misiba hii ili kumkejeli mtu. Hata mataifa tajiri yamepoteza vyombo vingi namna hiyo, na gari likiharibika kule juu hakuna fundi wa kuitwa. Twaitaja kwa sababu moja: habari za siku ya kurusha hujaa magazetini, ngoma hupigwa, habari za siku ambazo mkulima wa kawaida alitumia chombo kile kusema neno lake, hizo ni shida kuzipata.

Nasi Wakongomani? Mwaka 2012 shirika la serikali liitwalo Renatelsat lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina, China Great Wall Industry Corporation, kwa ajili ya setilaiti ambayo ingeitwa CongoSat-1. Jina lilipatikana. Chombo hakikuruka.

Lakini hatuna haja ya kwenda Abuja wala Luanda kutafuta mfano. Upo hapa ziwani. Kisiwa cha Nkombo kiko katika sehemu ya kusini ya Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, si mbali na Kamembe. Watu wake husema lugha iliyo ndugu ya Mashi, na kwa muda mrefu wameishi kwa kuvua samaki, kwa kulima vipande vidogo vya shamba na kwa kuvuka maji kila wanapotaka kitu. Ni watu ambao wengine huwasahau upesi. Basi tarehe 27 Februari 2019, huko Kourou katika Guyana ya Kifaransa, roketi ya Soyuz ilipeleka juu setilaiti sita za kwanza za kampuni ya OneWeb ya Uingereza. Mojawapo katika hizo sita ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, yaani dira au mwelekeo, na ikatangazwa kwamba itawaletea intaneti wanafunzi wa shule ya Mtakatifu Petro, Nkombo. Magazeti mengi yaliandika: setilaiti ya kwanza ya Rwanda.

Sisi tuliofahamu kisiwa kile kwa kukitazama tu kutoka mashuani, tulifurahi. Jina la shule ya kisiwani kutajwa pamoja na roketi si jambo dogo. Mtoto anayepiga kasia kwenda kuteka kuni ajue kwamba kuna nyota moja iliyopewa jina katika lugha ya nchi yake, hiyo yaweza kumwinua kichwa. Furaha hiyo hatuitoi.

Sasa tulitie jambo hili katika mizani ya yule mzee mwalimu. Icyerekezo si kama zile za mbali. Njia yake iko kilometa 1,200 hivi tu juu yetu, na kwa urefu huo chombo hakiwezi kusimama; huizunguka dunia kwa muda usiofika saa mbili. Ikipita juu ya Nkombo sasa, baada ya nusu saa hivi iko juu ya barafu ya ncha ya dunia, ambako hakuna mwanafunzi. Ili mtoto wa Nkombo asome pasipo kukatika, hapana budi mamia ya setilaiti zipokezane, moja ikitua mzigo na nyingine ikiupokea. Na kweli OneWeb ilifikisha zaidi ya 600. Maana yake ni kwamba hakuna setilaiti ya Nkombo. Wakati Icyerekezo inawahudumia wavuvi wa bahari ya mbali, mtoto wa Nkombo anahudumiwa na chombo kisicho na jina lo lote. Hatuoni aibu katika jambo hili. Kinyume chake, twaona uzuri. Kitu kilichoitwa changu kazi yake kubwa ni kwa wengine, na vya wengine vyanitumikia mimi. Ndivyo ilivyo katika jumuiya yo yote iliyo njema.

Ila kuna upande wa pili. Machi 2020, mwaka mmoja tu baada ya sherehe, OneWeb iliishiwa na fedha, ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya waliokuwa wakiidai. Mwaka huohuo ilinunuliwa na serikali ya Uingereza pamoja na kampuni ya Kihindi ya Bharti. Septemba 2023 ikaungana na Eutelsat ya Ufaransa. Basi katika muda ambao mtoto wa shule amepanda madarasa manne au matano, nyota yake imepita katika mikono ya mabwana kadhaa. Je, kuna aliyevuka ziwa kwenda Nkombo kusema, "Watoto, nyota yenu inauzwa, ninyi mwaonaje"? Mtu atatucheka: biashara haiendeshwi hivyo. Twajua. Ndiyo sababu twasema kwamba jina peke yake si mali. Mtu aweza kumpa mbuzi wa tajiri jina la mwanawe. Siku ya mnada jina halitamzuia mbuzi kwenda.

Hapo msomaji atasema: basi dawa ni rahisi, dola na inunue chombo chake yenyewe, kisiuzwe na mtu. Tungekubali upesi, kama tusingekumbuka Mwaka Mpya wa 2019.

Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 30 Desemba 2018. Baraza la Maaskofu, CENCO, lilikuwa limetuma waangalizi 40,000 hivi katika nchi nzima, na wengi wao walikuwa watu wa parokia zetu: walimu, akina mama wa vikundi, vijana wa kwaya. Tarehe 31 Desemba serikali iliamuru intaneti ifungwe, na ilibaki imefungwa kwa muda wa siku 20 hivi. Katika Bukavu watu walitembea na simu zao mkononi kama mtu abebaye kengele isiyo na ulimi. Mfanyabiashara hakujua bei, mwana aliye Kampala hakuweza kuonana na mamaye. Na angalieni: hakuna nyaya iliyokatika siku ile, hakuna mnara ulioanguka. Vyombo vyote vilikuwa vizima. Neno moja tu lilitoka, mashine zikatii. Kama CongoSat-1 ingekuwa imekwisha kuruka, tena yote ikiwa ya serikali mpaka msumari wa mwisho, je, ingesema na nani siku zile? Majuma machache baadaye, roketi ya Icyerekezo iliruka.

Hapo ndipo twaona fumbo la jambo lenyewe. Mikononi mwa kampuni ya mbali, chombo huweza kuuzwa bila kuulizwa. Mikononi mwa serikali iliyo karibu, chombo huweza kufungwa bila kuulizwa. Mtu wa kawaida, huku na huku, haulizwi.

Mfano wa mtaani utatusaidia kuliko maneno makubwa. Katika mitaa yetu ya Kadutu na Bagira wote twajua bomba la maji la jamii. Msaada ulitoka mahali fulani, mtaa ulitoa mchanga na mikono, vijana walichimba. Siku ya kufungua padri alibariki maji, mkubwa wa mtaa akasema: "Bomba hili ni lenu." Kweli ni letu. Lakini ufunguo umo katika nyumba ya mtu mmoja. Akisafiri kwenda matanga Walungu, watoto hupanga mabidoni yao tangu alfajiri, na mabidoni hubaki makavu. Akiwa na ugomvi na jamaa fulani, jamaa hiyo hufika daima "maji yakiwa yamekwisha". Franka zinazotolewa kwa kila bidoni hakuna ajuaye zinaingia wapi. Na siku koki inapovunjika, hakuna hata franka moja ya kununua nyingine. Mwenye ufunguo si mwizi, pengine ni Mkristu mwema, ameshika kazi kwa moyo. Kosa ni kwamba hakuna siku wala mahali pa kumwuliza. Tena twajua mtaa mwingine, hautofautiani na ule kwa kitu, isipokuwa kila mwezi wanakutana uwanjani, mama mmoja asomaye vizuri anazisoma hesabu kwa sauti, na watu wanauliza hata maswali ya kuudhi. Koki zao zinavunjika vilevile. Lakini zinatengenezwa. Bomba la mtaa ule ni lao kweli, hata kama chuma kilitoka Ulaya na fedha zilitoka kwa wageni.

Kwa fikira zetu, umilki wa kitu cha wote haukai katika kibandiko cha bendera wala katika hati ya ununuzi. Umekaa katika swali hili: yule aliye na ufunguo, anawajibika kwa nani? Chombo kilichokodishwa kwa haki, ambacho masharti yake yamesomwa mbele ya watu na mwenye kukifunga hana budi kujieleza mbele ya hakimu, kiko karibu zaidi na kuwa chetu kuliko chombo kilichonunuliwa kwa mamia ya milioni ya dola kwa deni ambalo wajukuu watalilipa, nacho chafungwa kwa neno la usiku mmoja. Hatusemi kwamba dola haina haki ya ufunguo. Kuna siku za hatari. Wenye silaha nao hutumia simu, na uongo nao hupita katika intaneti, tena hupita mbio. Lakini haki ya kufunga mlango ni jambo moja, na kufunga bila kumjibu mtu ni jambo jingine, na dhamiri yajua kuyatenganisha.

Mto Ruzizi watufundisha jambo hilo kila siku. Setilaiti za kampuni ya Kimarekani ya Starlink hupita juu ya kingo zake mbili kwa namna moja. Mnururisho wake haujui forodha. Rwanda iliifungulia mlango Februari 2023. Kwetu ilikatazwa Machi 2024, kwa sababu haikuwa na kibali, ikapata kibali Mei 2025. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na AFC/M23 kuingia mjini. Wale waliokuwako hawahitaji kusimuliwa: kila jamaa ilikuwa na mtu wake wa kumtafuta, huyu alikimbilia Uvira, huyu alivuka mpaka, huyu hakujulikana. Siku hizo maneno matatu, "niko mzima, msilie", yalikuwa na thamani kuliko gunia la unga. Mwenye kudhani kwamba mawasiliano ni anasa ya watu walioshiba, na akumbuke wiki ile.

Basi hapa tumrudie mzee wa pili, yule wa njia ya Shabunda. Tulimheshimu alipocheka, na bado twamheshimu. Ana haki kwamba mgonjwa wa machela hali setilaiti. Serikali ikimwambia mama mjamzito angoje njia kwa sababu fedha zimekwenda angani, serikali hiyo imekosa. Tena ziko nchi ambazo zimenunua chombo kama vile mtu anunuavyo kofia ya sherehe, ili aonekane. Lakini mzee alikosea mahali pamoja: alidhani sauti ni jambo la kuja baada ya chakula na njia. Wakumbuke wale wenye umri ile fonia ya misioni. Chombo chenyewe kilikuwa sanduku dogo, betri ya gari, kipande cha waya kilichofungwa juu ya miti. Kila asubuhi, saa iliyopatanwa, parokia za msituni ziliitana moja baada ya moja, na kila moja ilisikia habari za zote: huku dawa za malaria zimekwisha, kule lori limekwama siku ya nne, pale katekista amefariki, mwambieni ndugu yake. Njia ilikuwa mbaya vilevile wakati ule! Lakini kwa sababu ya fonia, njia mbaya ilikuwa na mtu wa kuisema. Shimo ambalo hakuna awezaye kulitaja mbele ya mkubwa halitafukiwa kamwe. Sauti ya maskini si kitoweo cha baadaye, ndiyo imwitayo mjenzi wa njia aje.

Na fonia ilikuwa na jambo moja ambalo vyombo vikubwa vimekosa mara nyingi: iliongea pande mbili. Antena za parabola zilipojaa juu ya mabati yetu, sauti ilishuka nyumbani mwetu kutoka Paris, kutoka Johannesburg, kutoka Kinshasa. Hakuna kilichopanda. Tulijua mchezaji gani wa mpira ameumia mguu, na Ulaya haikujua kijiji gani cha Kalehe kimechukuliwa na maji. Sisi Wakatoliki tuna somo la watu wa kazi hizi. Papa Pius wa 12, tarehe 12 Januari 1951, alimweka Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa wafanyao kazi ya mawasiliano ya mbali. Watu hufikiri ni kwa sababu alileta habari kubwa kutoka mbali. Ni kweli. Lakini soma tena ile sura ya kwanza ya Luka. Msichana wa kijiji aliuliza swali, na mjumbe wa Mungu hakumwambia anyamaze. Alimjibu, kisha akangoja neno lake. Mpaka alipopata jibu, ndipo akaondoka.

Chombo cha taifa kitakachosema tu, kikipeleka hotuba kutoka mji mkuu mpaka kijiji cha mwisho, hakijafika kwenye kazi ya somo huyo. Kile cha kusikia, ambacho mvuvi wa Ijwi au mchimbaji wa Kamituga aweza kukitumia aseme "hapa tumeonewa", nacho kisifungwe siku ileile anapotaka kusema, hicho kama kimenunuliwa au kimekodishwa, kama ni cha chuma cha Wachina au cha Wafaransa, hatutagombana.

Tulipokutana tena na mzee mwalimu tulimweleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akauliza habari za wale watoto wa Nkombo. Waliokuwa na miaka 12 mwaka 2019 sasa ni vijana. Wengine yamkini wamekwisha kuacha shule na kurudi kwenye nyavu za baba zao, wengine pengine wako katika vyuo. Hatukuwa na jibu. Siku tutakapovuka kwenda Kamembe twataka kupanda mtumbwi na kuwatafuta. Hatutawauliza kama intaneti ilikuwa na mbio. Tutawauliza kama tangu siku ile ya roketi kuna mtu wa mbali aliyewaandikia kutaka kujua neno lo lote juu ya maisha yao, na kama, walipomjibu, alisoma.